Neno Lililosalia kwa Mwalimu

Fundi makochi akiwa kazini, usimwamkie ukategemea akuitikie. Misumari yake midogo ameibana midomoni, na ulimi ndio unaoipanga. Unausukuma mmoja mbele ya meno, nyundo yenye sumaku inaunyaka kwa kichwa, inagonga mara mbili, na kabla hujapepesa jicho ulimi umeshaleta mwingine. Huyu tunayemzungumzia alifanya kazi hiyo tangu ndevu hazijaota mpaka zikaota mvi, na muda wote huo ulimi wake ulikuwa chombo cha kazi, kama koleo. Kuzungumza, alizungumza kwa nyusi. Zikipanda zote mbili, ndiyo. Zikikunjana, haiwezekani. Ikipanda moja, ngoja nimalize mstari huu. Wateja walizoea, na waliokuwa wageni walidhani ni bubu, wakamhurumia, wakamletea kazi nyingine.

Maneno aliyonyimwa yeye, mkewe alipewa yote, na nyongeza juu. Mkewe alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, na mtaa mzima tulimwita Mwalimu, hata mumewe. Nusu ya watu wazima wa pale walijifunza kwake kusalimiana kwa Kiingereza. Nusu ya pili walijifunza kwake kunyoosha mgongo wanapokaa. Akirudi kutoka shuleni alipita kwenye chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa karakana, akakalia fremu ya kochi lisilovishwa bado, akavua viatu, na hapo ndipo habari zilipoanza. Mwalimu mkuu kasema hivi, mtoto wa fulani kaandika vile, kuna mama mmoja alikuja shuleni na kibakuli kichwani akidhani ni kofia, mvua ilikuwa imemchanganya. Fundi anagonga, nyusi zinapanda na kushuka. Majirani tulikuwa tunawatania kwamba ndoa ile ilikuwa redio na meza yake: mmoja anasema, mwingine amembeba. Mwalimu alipostaafu, redio ikawa haizimwi.

Sasa, asubuhi moja Fundi alikuwa kwenye ukingo wa sofa la mteja, pale pagumu panapotaka kitambaa kivutwe kwa kidole gumba huku unagongea, ukikiachia kinajikunja na unaanza upya. Mwalimu akafunua pazia linalotenganisha karakana na sebule. Akasema, "Fundi, kuna kitu nataka nikwambie." Fundi akapandisha nyusi moja. Mwalimu akacheka, akamwambia haya, achumbiane kwanza na misumari yake, akaliachia pazia. Fundi alikuwa bado kwenye mstari uleule aliposikia kikombe kinaanguka. Alipolifunua pazia, mkewe alikuwa sakafuni, nusu ya uso imelegea kama kitambaa kilichong'olewa misumari.

Kilikuwa kiharusi. Hospitali walimpigania na hakufa, lakini mkono wa kulia ulikufa, mguu wa kulia ukawa wa kuburutwa, na maneno yakaondoka. Yote. Fundi alikaa ubavuni mwa kitanda akisubiri lolote, hata kukoroma. Ndipo mchana mmoja Mwalimu akafumbua macho, akamtazama sawasawa, akasema kwa sauti ileile ya darasani, kila herufi mahali pake: "Get."

Fundi alilia kwa furaha, maskini. Alidhani hilo ni la kwanza na mengine yako njiani. Hakujua ndilo pekee lililosalia.

Lilikuwa neno la Kiingereza, na Fundi hakujua Kiingereza. Kuishi na mwalimu hakumfanyi mtu kuwa mwanafunzi, ndivyo alivyosema mwenyewe. Majirani wengine walidhani mama wa watu anataka geti lifunguliwe, ila nyumba yao haikuwa na geti, ilikuwa na mlango unaokwama. Akampigia simu binti yao, mtoto wao wa pekee, anayeuza dawa katika mji mwingine. Binti alikuja, akamwogesha mama, akampikia baba, akakaa mpaka ruhusa yake ya kazini ikaisha. Kabla hajaondoka alimweleza baba yake kwamba neno hilo ni kupata, au kuleta. Huenda mama anataka kuletewa kitu.

Basi Fundi akaleta. Alileta maji, Mwalimu akayatazama, akayasukuma kwa mkono wa kushoto, akasema, "Get." Alileta mto, miwani, redio, picha ya binti siku ya kuhitimu, viatu vya kazini, chaki zilizobaki mkobani. Alileta kioo, akajuta, akakirudisha mbio. Kila kitu kilitazamwa kwa makini kabisa, kama daftari la mtoto anayejitahidi, kikasukumwa. "Get." Ukiingia sebuleni kwao siku zile ungedhani wanahama au wamevamiwa. Na Fundi hakuvirudisha vitu mahali pake, kwa sababu labda kile alichokataa asubuhi angekitaka jioni.

Nikwambie kilichokuwa kinamsukuma, maana si maji wala mto. Fundi alikuwa ameshikilia kwamba kile kitu Mwalimu alichotaka kumwambia asubuhi ile, pale penye pazia, bado kimo ndani yake, kizima, na neno hili ni ncha yake iliyochomoza. Akiipata ncha atavuta, na kitu kizima kitatoka. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa mambo bila kuuliza. Sasa alikuwa na jambo moja tu la kuuliza.

Kwa ajili hiyo akaacha kubana misumari midomoni. Aliitia kwenye kopo la maziwa, akawa anaiokota mmojammoja kwa vidole, ili neno likija awe na mdomo wa kulijibu. Mnaojua kazi hiyo mnajua maana yake. Sofa lililokuwa la siku mbili likawa la wiki. Wateja walikuja, wakakuta fremu zao ziko uchi vilevile, wakazibeba kwenda kwa fundi mwingine. Mmoja alimwambia bila kumficha kwamba msiba wa mtu hauketiwi, yeye anataka sofa. Fundi akamsaidia kupakia.

Alikuwapo mwalimu mstaafu aliyefundisha shule moja na Mwalimu, mtu wa kuvaa koti jua linapochoma na mvua inaponyesha, hata wanafunzi wakambatiza Koti, na jina likamganda kuliko koti lenyewe. Huyu alikuja kila Jumapili kumwona mgonjwa. Jumapili moja Fundi akamkalisha kwenye chumba cha mbele, akamuuliza neno lile lina maana ngapi.

Koti akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kuumiza. "Fundi, umeniuliza shati lina nyuzi ngapi."

"Nihesabie unazoziona."

Akamhesabia. Barua ikikufikia, ni neno hilo. Ukienda kuchota maji ukarudi nayo, ni hilo. Ukifika nyumbani, hilo. Ukizeeka, ukilowa, ukikasirika, ukichoka, yaani ukitoka hali hii ukaingia ile, hilo. Ukilielewa jambo baada ya kuhangaika nalo, hilo hilo. Ukimshawishi mtu afanye kitu asichotaka, hilo. Na ukilitia kineno kidogo mkiani linageuka kabisa: inuka, shuka, panda, toka, ondoka zako. Waingereza, alisema Koti, wana maneno mengi mazuri ya kuvalia kanisani na mahakamani, lakini hili ndilo la kushindia nyumbani. Wanalivaa kwa kila kazi.

"Sasa yeye anasema lipi?"

Koti akatazama koti lake. "Hilo, ndugu yangu, angetueleza yeye."

Mtu mwingine angeishia hapo. Fundi akaona ni kazi kama kazi nyingine, ndefu lakini ina mwisho. Akaanza kuzijaribu maana moja baada ya nyingine. Mwalimu akisema neno lake, Fundi anamwinua aketi. Akilisema tena, anamlaza. Anamtoa nje kwenye kivuli, anamrudisha ndani. Anamweleza jambo kwa urefu, yeye ambaye hakuwahi kutoa sentensi mbili mfululizo, kisha anamuuliza, umeelewa? Ni mimi ndiye nisiyeelewa? Alipofika kwenye ile maana ya toka, ondoka, alitoka kweli. Alisimama uani karibu na pipa la maji, juani, mikono nyuma.

Mama muuza mkaa, jirani yao, akamwona kutoka kwake. "Shemeji, leo umefukuzwa?"

"Bado sijajua," akasema Fundi.

Tulicheka, sikatai. Halafu tukaacha, kwa sababu aliendelea kusimama.

Maana zilipokwisha, na Mwalimu bado anasema, na sasa wakati mwingine analisema huku machozi yanamtoka kwenye jicho moja, Fundi alipata wazo ambalo angeweza kulipata fundi makochi tu. Ukiletewa kiti kikuukuu, ukibandua kitambaa unakuta kitambaa kingine. Chini yake kingine, cha rangi ambayo mwenye kiti haikumbuki. Chini yake sponji, chini ya sponji magunia, chini ya magunia mbao. Ni zile mbao ndizo zinazokwambia kiti kilikuwa nini mwanzoni. Alishawahi kuletewa kochi la watu watatu, alipolivua akakuta ni kitanda cha mtoto kilichoongezewa miguu. Akawaza: maana zote hizi ni vitambaa. Watu wamelivisha neno kimoja juu ya kingine. Mwalimu ni mtu wa mambo ya msingi, hawezi kubaki na kitambaa; amebaki na mbao.

Jumapili iliyofuata akamwambia Koti, "Livue mpaka chini. Mwanzoni kabisa lilikuwa nini?"

Koti alijiandaa, maana alikwenda kusoma kwanza, akarudi wiki nyingine. Akasimulia vizuri, hata sisi tuliokuwa mlangoni tukaingia. Alisema neno hilo si la Waingereza wenyewe kwa umbo hilo. Lilikwenda kwao na watu wa kaskazini, waliovuka bahari kwanza kwa kupora, wakaja tena kwa kulima, wakaishia kuoa. Ukioa unaleta maneno yako jikoni. Kwa watu hao neno lilikuwa la kushika kitu mkononi, kukifikia na kukitia kiganjani. Kutokana na kushika huko wakapata na kuzaa, kwa maana ya mtu kupata mtoto. Tena wataalamu wanadhani neno la Kiingereza la kukisia, kubahatisha, ni ndugu yake: mtu anayekisia ni mtu anayenyoosha mkono gizani.

"Kushika," alisema Fundi polepole, kama mtu aliyegusa mbao.

Koti, kwa kupenda kufundisha, hakunyamaza hapo. Aliongeza jambo ambalo yeye mwenyewe lilimshangaza. Kabla ya hao watu wa kaskazini, Waingereza walikuwa na neno la asili hiyohiyo, lakini halikutembea peke yake. Lilikuwa ndani ya maneno mengine tu, na mojawapo ni neno lao la kusahau, forget, ambalo kwa kulifumua ni kuponyokwa na ulichokishika.

"Kwa hiyo kusahau kulitangulia kufika?"

"Kwao, ndiyo. Kusahau walikuwa nako tayari. Hili la kupata lilikuja baadaye kwa mashua."

Fundi alimsindikiza Koti mpaka barabarani, akarudi, akafunua pazia, akaketi karibu na mkewe. Mwalimu akasema, "Get." Fundi akampa mkono. Mwalimu akaushika kwa ule mkono wake mzima, akaubana, hakuuachia. Alisema tena, kwa sauti ya chini, bila kusukuma chochote. Wakakaa hivyo mchana wote, na mteja aliyegonga mlango aligonga mpaka akachoka.

Ile wiki Fundi alikuwa mtu mwingine. Alituambia mmojammoja, hata waliokuwa hawajauliza, kwamba ameshajua: anataka kushikwa, basi, hakuna kingine. Alicheka na mama muuza mkaa. Alifagia karakana. Alimpigia simu binti yake akamwambia kwamba mama yake yupo, yupo kabisa, ni sisi tulikuwa hatujui pa kumshika. Binti alilia, akasema ataomba ruhusa mwezi ujao. Ukimwona Fundi siku zile ungesema hata lile jambo la asubuhi ile limekaribia kusemwa.

Kisha wakaenda kliniki. Hospitali ilikuwa imepata mtaalamu wa usemi, msichana mdogo mwenye sauti ya upole, na binti yao ndiye aliyewaombea nafasi. Mtaalamu alimwita Mwalimu mama, akakaa mbele yake kwenye kiti kifupi, akatoa kikombe, kalamu, kitana na funguo, akavipanga mezani. Akamwomba aguse kikombe. Mwalimu akasema, "Get." Akamwomba aguse funguo. Neno lilelile. Akamwonyesha picha ya nyumba, akamuuliza kama yeye ni mwanamume, akamuuliza kama sasa ni usiku. Neno lilelile, kwa sauti ya kujiamini ya mwalimu anayejibu maswali ya mkaguzi. Msichana yule hakuwa na haraka. Alipomaliza alimpapasa mama bega, akamwomba Fundi watoke nje kidogo.

Walisimama kwenye ujia, karibu na beseni la kunawia ambalo bomba lake lilikuwa linavuja. Fundi akamsimulia yote aliyoyapata: kushika, watu wa kaskazini, mkono. Yule mtaalamu alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo nampa heshima yake.

Halafu akasema, "Baba, hilo neno halina kitu ndani."

Akamweleza kwamba ugonjwa huu ukipita, kwa watu wengine huacha kipande kimoja, nacho hutoka kila wanapofungua kinywa, wapende wasipende. Mmoja hubakiwa na tusi ingawa alikuwa mtu wa ibada. Mwingine jina la mtoto, mwingine kuhesabu moja mbili tatu. Mama angeweza kubakiwa na neno meza au neno Jumanne. Huenda ana mengi ya kusema, huenda mengi yamekwenda, bado hawezi kupima. Ila neno hili si mlango wa kuyaendea. Akamshauri asikimbilie kila linapotoka, kwa sababu anajichosha na anamchosha mgonjwa. Amtazame uso, amwonyeshe picha, ampe muda.

"Na aliponishika mkono?"

"Labda alitaka mkono, baba. Labda ulikuwa karibu." Akalikaza lile bomba. "Sitaki nikudanganye."

Njiani hawakusema kitu, yaani Fundi hakusema. Mwalimu alisema neno lake kwa dereva, kwa mwanamke aliyeshika mtoto, kwa nguzo ya taa. Fundi alikuwa akiangalia kama linabadilika, na halikubadilika.

Sasa huyu ni mtu aliyezoea kufuata kipimo. Ukimwambia inchi moja hakati inchi na nusu. Aliambiwa asikimbilie, hakukimbilia. Picha alikata kutoka magazetini, akazionyesha asubuhi na jioni, na Mwalimu alizitazama kama mtu anayetazama mvua. Saa zilizobaki alirudi karakanani, ambako kazi chache zilikuwa zimeanza kurudi. Neno likisikika nyuma ya pazia aliendelea kukata kitambaa. Mara nyingine mkasi ulitoka nje ya mstari. Baada ya muda haukutoka.

Ilikuwa mchana wa kawaida, joto, watoto wako shuleni. Fundi alikuwa ameshapaka gundi kwenye mbao na kwenye sponji, na gundi ile haikusubiri: ina dakika zake, ukichelewa imekauka na sponji ni ya kutupa. Mwalimu akasema neno lake. Fundi akabandika upande mmoja. Akasema tena, juu zaidi, ile sauti ya kuita darasa lililo uwanjani. Mama muuza mkaa aliisikia mpaka kwake, akasimama, akajua Fundi yupo, akaketi. Likaja tena, na tena. Fundi alikuwa anabana sponji kwa viganja viwili, anajiambia halina kitu, halina kitu ndani, mtaalamu kasema. Mwisho likaja mara moja, dogo, limepanda kidogo mkiani kama swali.

Alimaliza kubana. Akafuta mikono, akafunua pazia.

Hakukuwa na kitu. Hili ndilo lililommaliza. Mwalimu alikuwa mkavu, maji yako karibu, shuka liko mahali pake, hakuanguka, hakuumia. Alikuwa ameketi anatazama ukuta. Fundi akamwita. Hakugeuka. Akamshika mkono, ukakaa mkononi mwake kama kitu kilichowekwa.

Tangu siku hiyo Mwalimu hajasema tena.

Yule mtaalamu alimpima, akasema yawezekana ni ugonjwa wenyewe umesogea, yawezekana ni uchovu, yawezekana ameacha kwa hiari yake kwa kuwa haoni faida. Hakuna kipimo cha kutenganisha hayo. Koti alikuja Jumapili, akakaa, akaondoka bila kuvua koti. Binti alikuja kwa ile ruhusa aliyoiomba, na jioni aliyofika, mama akiwa amelala, alimuuliza baba yake jambo moja.

"Baba, siku ile ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Sasa kwa nini..."

"Niliambiwa ni tupu, mwanangu." Akakuna gundi iliyokauka kidoleni. "Na kama lilikuwa tupu, nilikuwa nakosa nini kulijibu?"

Binti alirudi kazini kwake. Huku nyumbani vitu vimejaa tena sebuleni: redio, mto, picha, viatu, mkoba wa chaki. Fundi anavichukua kimoja kimoja, anamsogezea mkewe usoni, na neno analisema yeye. Analisema vibaya, ulimi wake haukuzaliwa nalo, linatoka nene, lakini analisema. Kisha anasubiri. Ukipita pale mchana utamsikia: "Get," na kimya, "Get," na kimya, sauti ya mwanamume anayebembeleza. Mwalimu anakiangalia kile kitu, au haangalii. Macho yanaanza kumlegea. Fundi anakiweka chini polepole asimshtue, anamfunika miguu, anachukua kingine.